Mzigo na Shahidi Wake: Habari za Kuangalia Shehena Njiani, kutoka Msafara wa Wapagazi hadi Lori

Katika mwaka 2017 idara za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia kwa pamoja chombo kimoja cha kuangalia malori yachukuayo bidhaa za kupita, yaani zile zishushwazo Mombasa kwa ajili ya nchi zisizo na bahari. Chombo chenyewe ni kidogo. Ni lakiri ya chuma yenye waya mgumu, nayo hufungwa katika komeo la mlango wa kontena. Ndani yake mna betri, mna kipokezi cha mawimbi ya satelaiti, na mna kadi ya simu kama ile iliyomo katika simu ya mkononi. Lori likisha kuondoka bandarini, lakiri hutoa habari zake yenyewe, mara kwa mara, bila ya kuulizwa: mahali ilipo, saa, na hali ya waya wake, kama u mzima au umekatwa. Ofisi ya Nairobi, ya Kampala na ya Kigali zote huona alama ile ile katika ramani ile ile ya mtandaoni, nayo husogea kidogo kidogo kutoka Mariakani, ikapita Voi na Mtito Andei, hata ikafika mpakani Malaba.

Wengi waliolipokea jambo hili walilisifu kuwa ni jambo jipya kabisa. Kwa upande wa ufundi sifa hiyo ni ya haki. Lakini swali lijibiwalo na chombo hicho ni la kale sana katika Afrika ya Mashariki, na lilikuwako kabla ya lori na kabla ya reli: mali ikiwa njiani, na mwenyewe yu mbali haioni, ni nani atakayeishuhudia? Katika kila zama watu wa biashara walimtafuta shahidi wao, na Kiswahili kimehifadhi majina ya mashahidi hao. Kwa hiyo habari za lakiri ya sasa hazieleweki vizuri bila kurudi nyuma kwenye njia ya miguu.

Mzigo wa mpagazi wa karne ya 19 ulikuwa na kadiri ijulikanayo: frasila mbili au karibu na hizo, na frasila moja ilikuwa ratili 35 hivi. Nguo zilifungwa kwa kukazwa kuwa mtumba mrefu mfano wa mto wa kulalia, ushanga ulitiwa katika mifuko, na nyaya za shaba zilikunjwa katika mapete na kutundikwa kwenye mti. Jina mpagazi latokana na kitenzi pagaa, yaani kubeba mabegani. Na kitenzi hicho hicho kikitendwa, pagawa, ndicho kitumikacho kwa mtu aliyepandwa na pepo. Hata mzuka, kwa watu waliotunga lugha hiyo, ni mzigo uliomkalia mtu mabegani.

Mbele ya msafara alikwenda kirongozi na bendera yake. Wanyapara walisimamia makundi ya wapagazi. Mwenye mali mwenyewe, au wakili wake, aghalabu alikuwa nyuma kabisa, na sababu yake ni wazi: aliye mbele huona njia tu, bali aliye nyuma huona kila mgongo na kila mtumba. Msafara wote, basi, ulikuwa umepangwa ili mzigo uonekane na macho ya watu. Richard Burton aliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 akafika Kaze, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba, baada ya siku 134. Na katika kitabu chake cha mwaka 1860 amejaza malalamiko juu ya wapagazi, maana hakuwa mtu wa kusifu upesi. Walakini hata yeye alikiri kwamba Mnyamwezi akitoroka huona ni jambo la heshima kutochukua mzigo aliokabidhiwa. Aliuacha chini akaenda zake. Ushuhuda huo una thamani zaidi kwa kuwa umetoka kwa mtu asiyewapenda.

Aliyekaa Unguja alikuwa na shida kubwa zaidi. Mfadhili kama Taria Topan, aliyewakopesha wafanyi biashara wa bara pamoja na Tippu Tip, aliiona mali yake siku ya kutoka ghalani, kisha hakuiona tena ila ilipogeuka pembe za ndovu, pengine baada ya miaka. Katikati ya siku hizo mbili hapakuwa na kitu ila daftari, barua na jina la mtu. Msomaji wa Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, kitabu kilichotolewa tena na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya Whiteley, ataona jinsi deni na jina zilivyokwenda pamoja: mtu mwenye jina zuri alipewa mali bila ya kusindikizwa na mtu, na mtu asiye na jina hakupewa kitu hata akiapa.

Mfumo huo ulipovunjika, ulivunjika vibaya. Hakuna mfano ulio bora kuliko ule wa bidhaa za Dokta Livingstone. Wakati alipokuwa Manyema, Balozi wa Kiingereza wa Unguja, John Kirk, alimpelekea bidhaa Ujiji chini ya mtu aitwaye Sherif. Livingstone aliporudi Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, hali yake dhaifu, alikuta vitu vimeuzwa vyote. Katika yadi 3,000 za kitambaa hakubakiziwa hata yadi moja, wala uzi mmoja wa ushanga katika ratili 700. Sherif alikuwa amepiga ramli kwa Kurani ikamwambia kwamba mwenye mali amekufa. Tena alikuwa amemwandikia liwali wa Unyanyembe barua kuwa ametuma watumwa Manyema, nao wamerudi na habari za kifo hicho, naye aomba ruhusa ya kuuza kilichobaki.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida ili kumhurumia Livingstone na kumtayarishia Stanley njia ya kuingia hadithini. Kwa historia ya uchukuzi, lakini, jambo kubwa ni ile barua. Sherif hakuiba kimya kimya. Alifuata taratibu: alitoa taarifa, akataja mashahidi, akaomba ruhusa. Aliyajaza makaratasi. Kwa mtu aliyekaa Unyanyembe au Unguja, mzigo ule ulikuwa na habari kamili, zenye tarehe na saini, na habari zote zilikuwa uongo. Shahidi alikuwa ndiye mwizi, na umbali haukumruhusu mtu yeyote kujua.

Miaka miwili baadaye njia ile ile ilionyesha upande wa pili wa jambo. Livingstone alipokufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliamua kumpeleka pwani. Walipopita Unyanyembe walizuiwa mbele yake na watu wasiokubali maiti apite katika nchi yao. Basi wakafunga mabua ya mtama katika nguo mfano wa maiti, wakatuma watu kuyarudisha Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, na njiani wakayatupa. Mwili wenyewe waliufunga upya kwa sura ya mtumba wa kawaida wa nguo. Ukapita. Mwezi wa Februari 1874 ulifika Bagamoyo, na mwezi wa Aprili ukazikwa London. Kila mtu aliyekuwa njiani aliuona mtumba ule kwa macho yake, mahali ulipo na saa ulipopita, wala hakujua umebeba nini. Wale waliojua walikuwa wapagazi wenyewe, na hawakusema.

Visa viwili hivi, cha Sherif na cha Susi na Chuma, vyafaa kushikwa pamoja hata mwisho wa makala haya. Cha kwanza chaonyesha mchukuzi asiyeaminika ambaye makaratasi yake yako sawa. Cha pili chaonyesha wachukuzi waaminifu kupita kiasi, ambao mzigo wao kwa nje ni uongo mtupu.

Reli ilibadili njia, ikabadili na shahidi. Ile ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Ile ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzigo ukawa haubebwi tena na mtu mwenye jina, ila na behewa lenye namba. Mlango wa behewa ulitiwa lakiri ya risasi, na karani wa stesheni aliisoma namba na kuipeleka mbele kwa simu ya waya. Neno simu ni la Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Ndiyo sababu chombo kisicho na waya kilipokuja, Waswahili waliita simu ya upepo. Na neno lakiri, ambalo hapo kwanza lilikuwa ni nta ya kubandikia barua, likahamia kwenye risasi, na leo limehamia tena kwenye chombo chenye betri. Nta, risasi na betri hazifanani kwa lolote isipokuwa kazi: kila kimoja husema kwamba hakuna mkono uliopita hapa.

Mnyapara naye hakufa. Jina lake lilikwenda kwenye mashamba na barabara za wakoloni kwa msimamizi wa vibarua, kisha likaingia gerezani, ambako ni mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa wenzake. Hongo, iliyokuwa ada ya haki apewayo mtemi kwa kupitisha msafara katika nchi yake, ikawa rushwa. Kwa muda wa maisha ya watu wawili hivi, msamiati wa njia kuu ulishuka cheo wote. Yamkini sababu ni kwamba mamlaka ya njia yalitoka mikononi mwa watu waliokaa kando yake yakaenda ofisini. Na kilichokuwa malipo mbele ya watu kikawa malipo ya pembeni.

Ama lori lilichelewa kuwa chombo cha safari ndefu. Kwa muda mrefu lilikuwa mtumishi wa reli tu, la kutoa mazao shambani na kuyafikisha stesheni. Tukio lililolitia katika safari za nchi hata nchi lilikuwa la siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipita kusini, ikalazimika kutafuta bahari nyingine. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma na ng'ambo yake, na yakirudi yalibeba shaba. Njia ilikuwa ya udongo, na kwa jinsi ilivyoua watu na magari Waingereza waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, lakini lori lilikuwa limekwisha kujifunza njia.

Mwenye lori wa miaka ile alikuwa katika hali ya mfadhili wa Unguja. Aliliona gari likiondoka, kisha hakuliona. Habari alizipata kwa dereva mwingine aliyerudi, au kwa simu ya posta ikiwa dereva wake alikuta posta iko wazi na waya haukukatika. Dereva na utingo wake walikuwa ndio msafara mzima: kirongozi, mnyapara na mpagazi katika kibanda kimoja. Kipuri kikivunjika, wao ndio waliokaa porini kulinda shehena, pengine siku nyingi, na wao ndio walioulizwa ikipungua.

Jumuiya ya kwanza ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la nchi tatu liligawanyika pamoja nayo, na katika miaka iliyofuata mizigo ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki ilizidi kumiminika barabarani. Mwaka 1985 palifanywa mapatano ya ushoroba wa kaskazini, yakipanga jinsi bidhaa za kupita zitakavyosafiri kutoka Mombasa. Neno ushoroba lapasa kutazamwa. Kwa Mswahili wa mjini ni njia nyembamba ya ndani ya nyumba, ipitayo kati ya vyumba vya watu. Mpitaji hana haki ya kuingia chumbani. Hivyo ndivyo sheria ilivyotaka mzigo wa Uganda upite Kenya: apite ushorobani asiingie chumbani.

Bali mzigo uliingia chumbani. Kwa kuwa bidhaa za kupita hazilipiwi ushuru katika nchi zinamopita, palikuwa na faida kubwa ya kuzishusha kabla ya mpaka. Sukari iliyoandikwa kuwa ya Uganda iliuzwa Kenya. Mafuta yaliyoandikwa kuwa ya nchi jirani yaliishia katika vituo vya karibu. Wakala wa forodha aliweka dhamana ya fedha ili iliwe ikiwa mzigo hautatoka, lakini hati zikirudi na mhuri wa mpakani dhamana ilifunguliwa, na mhuri waweza kupigwa hata kama lori halikufika. Hapa msomaji atamkumbuka Sherif. Makaratasi yalikuwa sawa.

Dawa iliyotangulia ilikuwa ya kizamani, nayo ilikuwa na jina la kizamani: msafara. Malori yenye bidhaa za kutiliwa shaka yalikusanywa, yakangojana, kisha yakaenda kwa kundi yakisindikizwa na maofisa wa forodha katika gari lao. Moja likipasuka gurudumu, yote yalisimama au yaliachana. Basi miaka mia na zaidi baada ya Burton, mwenye mali (sasa ni serikali, kwa ajili ya ushuru wake) alikuwa tena anatembea nyuma ya msafara akihesabu migongo.

Simu ya mkononi ilipoenea katika mwanzo wa karne hii, ilidhaniwa kuwa imemaliza taabu. Mwenye gari aliweza kuuliza saa yoyote: uko wapi? Lakini simu ya waya ya stesheni ilikuwa imefungwa mahali pake. Aliyepiga kutoka Voi alikuwa Voi. Simu ya mkononi iliifungua sauti kutoka mahali, na dereva aliyekaa Mariakani akila chakula chake aliweza kusema kwa sauti ya uchovu kwamba amekwisha kupita Mtito Andei. Ulikuwa ni ushahidi wa mdomo ule ule wa zamani, umeongezewa kasi tu.

Ufundi uliotenganisha mahali na mdomo ulitoka Marekani. Kampuni ya Qualcomm ilianzisha huko mwaka 1988 mfumo wa OmniTRACS, ambao uliwawezesha wenye makundi makubwa ya malori kupeleka ujumbe kwa njia ya satelaiti na kujua gari liko wapi. Satelaiti za GPS, zilizowekwa na jeshi la nchi hiyo, zilikamilika kufanya kazi mwaka 1995. Na tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kosa ililokuwa ikilitia kwa makusudi katika mawimbi yatumiwayo na raia. Kabla ya siku hiyo kipokezi cha kawaida kiliweza kukosea kwa kadiri ya mita mia. Baada yake kosa lilipungua likawa la mita chache. Kipokezi hakisemi na satelaiti, kama wengi wadhanivyo. Chasikiliza tu. Husikiliza saa za satelaiti nne au zaidi, hupima jinsi kila moja ilivyochelewa kufika, na kwa hesabu hiyo hujua kilipo. Kusema ni kazi ya kadi ya simu, na ndiyo maana mahali pasipo na mtandao wa simu lakiri huhifadhi habari zake na kuzitoa baadaye zote pamoja.

Mwaka 2014 nchi za ushoroba zilianza kutekeleza himaya moja ya forodha, ambayo kwayo ushuru wa bidhaa ziendazo Uganda au Rwanda hulipwa kabla hazijaondoka bandarini. Serikali zilitangaza kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala, njia ya kilomita 1,170 hivi, ilishuka kutoka siku 18 hadi siku 4. Lakini mfumo wa kulipa mapema haukuondoa haja ya kujua kwamba mzigo umefika, na kila nchi ilikuwa na lakiri zake: ya Kenya ilifunguliwa mpakani, ya Uganda ikafungwa, na katikati ya kufungua na kufunga palikuwa na nafasi. Mapatano ya mwaka 2017 yaliziba nafasi hiyo. Lakiri moja ifungwayo Mombasa hufunguliwa Kigali.

Namna ya kazi yake ni hii. Njia iliyoruhusiwa huchorwa katika ramani, na kandokando yake huwekwa mpaka usioonekana. Lori likitoka katika mpaka huo, au likisimama muda mrefu mahali pasipo pa kusimama, au waya wa lakiri ukikatwa, kengele hulia katika ofisi, na gari la maofisa walio karibu hutumwa. Kusindikizwa kwa msafara kukapungua sana, kwa kuwa aliye Nairobi aweza kusindikiza malori mengi kwa mara moja.

Hapo ndipo maofisa walipokutana na mipaka ya shahidi wao mpya. Lori lililosimama kwa sababu ya gurudumu na lori lililosimama ili kushusha sukari huonekana katika ramani kwa alama ile ile. Ili kuzipambanua, ofisa hana budi kumpigia dereva simu na kumwuliza. Na hivyo mdomo wa dereva, uliotolewa mlangoni, umerudi kwa dirishani. Tena lakiri huulinda mlango, wala haiulindi ukuta. Katika nchi nyingi wezi wamejifunza kungoa bawaba za kontena na kutoa mali huku waya u mzima, na ramani husema kwa uaminifu kwamba lakiri haikuguswa. Vipo na vyombo vidogo vya kuvuruga mawimbi, ambavyo huifanya lakiri iwe kiziwi. Mtumba wa Susi na Chuma ungepita Malaba bila ya kengele kulia hata mara moja.

Kwa mafuta shida hii ya kilichomo ndani ilionekana wazi zaidi, na kwa wana lugha ina faida yake. Katika Tanzania watu walizoea kuchanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, na dizeli, au kuuza nchini mafuta ya kupita yasiyolipiwa kodi. Tendo hilo liliitwa kuchakachua. Mwaka 2010 mamlaka ya EWURA ilianza kutia katika mafuta ya soko la ndani dawa ya alama, kidogo sana, ipimikayo kwa chombo. Na dawa hiyo wananchi wakaiita vinasaba, neno la elimu ya urithi wa viumbe. Mwaka ule ule palikuwa na uchaguzi mkuu, na kura nazo zikasemwa kuchakachuliwa. Neno likatoka katika tangi likaingia katika sanduku la kura, wala halijarudi. Lililo muhimu kwa habari hizi ni kwamba EWURA haikutosheka kujua gari liko wapi. Ilibidi mafuta yenyewe yapewe ulimi.

Majira ya Aprili na Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mambo yaligeuka kwa namna isiyotazamiwa na waliounda lakiri. Mipaka ilifungwa kwa abiria ikaachwa wazi kwa shehena, na madereva wa malori wakawa karibu watu pekee waliovuka. Wakashukiwa kuwa ndio wachukuzi wa ugonjwa. Malaba palikuwa na foleni ya malori ya kilomita nyingi, watu wakilala chini ya matela wakingoja majibu ya vipimo. Na waliokutwa na ugonjwa walitajwa hadharani kwa kazi yao, dereva wa lori, katika hesabu za kila siku. Mwezi wa Septemba mwaka ule Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilianzisha mfumo mpya, ambao katika jina lake neno dereva liliongezwa baada ya neno shehena. Dereva alitia programu katika simu yake. Cheti chake cha kupimwa kiliingizwa humo, na mwendo wake ukaangaliwa kutoka nchi hata nchi, mahali alipolala na mahali aliposimama.

Kwa upande wa afya jambo hilo lilikuwa na sababu zake, na ni afadhali kuliko kupimwa upya katika kila mpaka. Walakini kwa historia ya njia kuu mabadiliko hayo si madogo. Mpagazi wa Burton alikuwa shahidi wa mzigo, na heshima yake ilikuwa ndiyo lakiri. Dereva wa njia ya Zambia alikuwa shahidi asiyeaminiwa sana, ila hapakuwa na mwingine. Dereva wa mwaka 2020 alisafiri pamoja na shehena akiwa ameandikwa katika orodha moja nayo, na alama mbili zikasogea katika ramani pamoja, moja ya kontena na moja ya mtu.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kuliona jambo hili kabla ya ugonjwa. Kazi ya kuangalia magari mtandaoni huitwa kufuatilia. Mzizi wake ni fuata, kwenda nyuma ya mtu. Kikaongezwa kauli ya kutendea mara mbili, fuatia, fuatilia, na katika marudio hayo mna maana ya kushikilia bila kuacha, kama afanyavyo mdai kwa mdeni wake. Na Tanzania, ambako mabasi ya abiria nayo yalifungiwa vyombo vya kuonyesha kasi na mahali, serikali iliupa mpango huo jina la Mfumo wa Kufuatilia Mwenendo wa Magari. Gari lina mwendo. Mwenendo ni wa mtu. Katika kamusi za Kiswahili mwenendo ni tabia, ni jinsi mtu anavyoishi na wenzake, na shuleni huandikiwa alama katika cheti. Aliyetunga jina hilo huenda alitaka tu neno refu lenye sauti ya ofisi. Lakini madereva wameufahamu vizuri, maana chombo kikilia huitwa wao, wala haliitwi gari.